Orodha ya Vyuo vya Afiya

Jumatatu, 13 Aprili 2026
Mtandao wa kuomba vyuo umefunguliwa leo. Unafungwa Jumatatu ijayo. Wiki moja tu! Mjukuu wangu Afiya ana C+ na anataka uuguzi wa digrii. Nimemweleza polepole, kama nilivyowaeleza wanafunzi miaka thelathini: chuo hakitazami gredi peke yake, kinatazama alama za masomo manne yanayohusu kozi. Zake ni 29. Uuguzi mwaka jana walianzia 38. Akasema: "Basi lishe, Bibi." Lishe inawezekana – Nairobi 29, Mombasa 28, Meru 26.

Mkopo wa serikali utalipa karo. Kodi ya chumba hautalipa. Mamake yuko hotelini Kikambala, na wageni wakipungua hurudishwa nyumbani bila mshahara. Kwa hiyo nimepanga hivi: palipo na jamaa, pana kitanda.

Jumanne, 14 Aprili
Nimepiga simu. Kibibi, binti wa marehemu dada yangu, yuko Mombasa: "Khalati, hilo nalo la kuuliza? Nyumba ni yenu!" Nduguye Zaid, Nairobi: "Aje hata kesho." Alhamdulillahi. Mombasa ya kwanza, Nairobi ya pili. Meru nimeifuta – hatuna mtu.

Jumamosi, 18 Aprili
Afiya amerudi kutoka kwa Kibibi. Alikwenda kusalimia, akalala siku moja. Nikauliza nyumba ikoje. Nzuri, akasema. Baada ya alasiri ndipo aliponieleza. Vyumba viwili, watu wanane! Mama mkwe amehamia, na mashemeji wawili. Afiya alipewa kitanda, na mume wa Kibibi akaenda kulala msikitini. Asubuhi Kibibi anakaanga mahamri, anacheka, hakuna alilosema.

Nikampigia Zaid. Mwanangu, nieleze kweli. Naye: "Khalati, ukiniuliza wewe, mimi nitajibu nini?" Chumba kimoja, na wenzake watatu.

Kosa ni langu. Sisi hatumwambii jamaa kwamba hakuna nafasi. Mimi mwenyewe sijawahi kumwambia mtu hivyo. Nilijua – na bado nikaihesabu ile "karibu" yao kuwa ni kitanda. Mwalimu mzima!

Jumapili, 19 Aprili
Nimeirudisha Meru. Bweni liko ndani ya chuo na bei yake tunaiweza. Mwanangu Harith, mjomba wa Afiya, amekuja juu. "Mama, Meru kuna nani? Mtoto akiugua, nani wa kumpa hata uji?" Nikamwambia kuna matroni. "Matroni si mtu wake!" Hofu yake ni yangu pia. Afiya alikuwa pale pale akichagua mchele, hakuinua kichwa.

Mwishowe tumekubaliana, yaani Harith na mimi. Mombasa ya kwanza, Kibibi atavumilia. Meru ya mwisho kabisa. Nimeandika kwa kalamu ya wino. Usingizi sijui utatoka wapi.

Jumatatu, 20 Aprili
Naandika nje ya saiba ya Gachanja, duka lake la kompyuta na mtandao, kwenye benchi. Leo ndiyo siku ya mwisho. Foleni ndefu, mtandao unakatika, watoto wa watu wanatoka jasho. Gachanja ametokeza kichwa: "Shikamoo Mwalimu! Afiya, usiogope bara. Baridi ya Meru itakunenepesha, urudi hatukujui!" Afiya akacheka – mara ya kwanza wiki hii. Nikamkazia macho Gachanja.

Zamu yetu imefika. Nimeinuka. "Bibi, kaa. Ndani joto. Nitaingia mwenyewe."

Haya. Nikamnyooshea orodha, naye amekwisha kupita mlangoni. Afiya, karatasi! Nimeita mara mbili. Amegeuka. Nimemwona kupitia kioo.

"Najua, Bibi."

Akavuta kiti, akakaa, akanipa mgongo.

Harith anapiga. Simu inaita hapa mapajani mwangu, juu ya orodha. Sijaipokea.