Priamplifaya ya Baba Imeuzwa

Nyumbani,
ghorofa ya juu, juu ya duka la viatu.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu zangu zikufikie popote ulipokaa kuisoma barua hii, wewe pamoja na wifi yangu. Hamjambo? Mgongo wa wifi unaendeleaje, na ule uchovu wake umepungua? Baridi ya huko imelegea au bado mnalala na soksi? Sisi huku wazima. Shemeji yako yuko vilevile ulivyomwacha, tumbo limetangulia, yeye anafuata. Wapwa wako wanarefuka kila ukigeuza shingo, viatu haviwatoshi. Presha yangu imetulia, ingawa wiki hii ilikuwa na kila sababu ya kupanda.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Simu ninayo na salio lipo. Lakini nikikupigia nitaanza kulia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na wewe utakata. Isitoshe nina aibu, mdogo wangu. Karatasi angalau hainitazami usoni.

Nataka kukueleza habari za Baba. Tafadhali usiikunje barua, isome mpaka chini. Najua tangu siku ile mwaka jana ulipompigia kumwambia mmempoteza mtoto wenu mchanga siku ileile aliyozaliwa, naye akakujibu, "Haya, vizuri, nakupa dada yako," hutaki hata kumsikia akitajwa. Mimi nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Nikaipokea simu nikakukuta unalia, unaniuliza baba yetu ana moyo gani. Nami nikakujibu, "Si unamjua Baba." Wiki hii yote nimekuwa nikijisikia nikiyasema maneno hayo.

Sasa sikiliza. Mambo yamefumukia kwenye mashine.

Unaikumbuka ile priamplifaya ya Baba, ile nzito yenye uso wa rangi ya fedha na mbavu za mbao. Wewe ulikuwa unaiita amplifaya na Baba anakusahihisha kila mara. Amplifaya ni ile nyingine ya rafu ya chini. Hii ndiyo inayopokea sauti kutoka kwenye santuri, inaipanga vizuri, halafu ndipo inaipeleka kwenye amplifaya na spika. Aliinunua kwa kiinua mgongo chake, kutoka kwa mhandisi wa redio aliyekuwa anahama. Wewe na mimi tulitaka aezeke nyumba. Marehemu Mama akawa anaiita mke mwenzie, ila nakumbuka alikuwa anaifuta vumbi mwenyewe na hataki mtu mwingine aiguse.

Tangu Baba ahamie kwangu, mashine hiyo imekuwa ugomvi wa nyumba. Anafungulia sauti mpaka vikombe vinacheza kabatini. Jirani wa chini, huyo mwenye duka la viatu, amegonga dari kwa ufagio mpaka mpini ukakatika. Nikisema punguza, Baba ananitazama, anatikisa kichwa kama amekubali, na sauti inabaki palepale. Nilikuwa namwambia shemeji yako kwamba Mzee ametia pamba masikioni kwa makusudi, kwa kuwa nyumba si yake na hataki kuamrishwa na binti.

Mwezi uliopita akaniambia mwenyewe nitafute mnunuzi. Sikuuliza kwa nini, nilifurahi mno. Nilichowaza ni sebule yangu: pale kwenye rafu nitaweka maua, na jirani atanunua ufagio mpya kwa amani.

Nikaitengeneza kwa ajili ya picha za tangazo. Nilifuta vumbi, nikapaka zile mbavu mafuta kidogo. Nikaona kitufe kimoja cha kuzungusha kimepinda mpaka mwisho upande wa kulia, na kingine cha kubonyeza kimezama ndani. Nikasema mnunuzi akiona hivi atadhani ni kibovu. Nikavinyoosha vyote, kila kitu kikakaa wima, nikapiga picha, nikajipongeza.

Kesho yake Baba akaweka santuri, akasikiliza kidogo, akasema mashine imeharibika. Alidai kuna wapiga gitaa hawapo. Nikamfokea, Kasuku. Nilimwambia aache ujanja wa kizee, kama hataki kuuza aseme, asiisingizie mashine. Wajukuu wake wakisikia. Akanitazama mdomo mpaka nilipomaliza, akageuka akaenda chumbani kwake. Mimi nikaona ni kile kiburi chake.

Mnunuzi alikuja Jumatano. Ni mfamasia, mtu mnene mpole, amekuja na santuri yake mwenyewe ameiviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akapiga magoti mbele ya rafu, akainamisha kichwa kuzikagua waya za nyuma, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka shemeji yako akaninong'oneza, "Huyu kaja kununua au kaja kusali?" Nikajiuma mdomo.

Akaweka santuri yake. Nakuambia ukweli, hata mimi niliyeichukia mashine ile nilisimama. Gitaa moja lilikuwa dirishani, jingine karibu na mlango, na mwimbaji amekaa katikati yao kana kwamba ukinyoosha mkono utamgusa bega. Mfamasia machozi yakamlenga. Akasema inacheza sawasawa, haina hata kasoro. Nikamtazama Baba, nikitaka aone kuwa nilisema kweli.

Mfamasia akamwomba Baba aonyeshe yeye huwa anaisikiliza vipi, maana mwenye kitu huwa anajua siri zake. Baba akainuka. Akakibonyeza kile kitufe kikazama ndani. Akakizungusha kile kingine mpaka mwisho, kulia, palepale kilipokuwa kabla sijakinyoosha. Spika ya kushoto ikafa. Halafu akavuta kiti chake mpaka ubavuni mwa spika ya kulia, akainama, akafumba macho.

Mfamasia akacheka. Hakuwa na ubaya, alikuwa anashangaa tu. Akatueleza kwamba kitufe cha kwanza kinachanganya pande zote mbili kuwa sauti moja, wenyewe wanaita mono, na cha pili kinaipeleka yote upande mmoja. "Mzee wangu! Mashine ya hali hii unaisikiliza kwa spika moja? Umenunua pea ya viatu ukavaa kimoja!"

Nami nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kumfurahisha mteja, nikaongeza kwamba Baba yetu ana mambo yake, tumeshamzoea.

Baba alikuwa amefumbua macho, anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Akasema taratibu, "Mwenye mguu mmoja atavaa vingapi?" Akagusa sikio lake la kushoto. "Hili niliacha kiwandani."

Mdogo wangu, nilitamani sakafu ipasuke nitumbukie mpaka dukani kwa jirani.

Ndipo akatueleza. Ule msumeno mkubwa wa kiwanda cha mbao ulikuwa upande wake wa kushoto miaka yote aliyofanya kazi pale. Ule ule uliotulipia ada, wewe na mimi. Sikio lilikufa wewe hujaanza shule. Akaficha, kwa sababu aliyejulikana hasikii aliondolewa kwenye mashine na kupewa fagio. Alipostaafu alikuwa ameshazoea kuficha, hakujua aanzie wapi kusema. Mama alijua. Nimezitoa picha zetu zote nikazitazama: Mama yuko kulia kwake katika kila moja, hata ile ya harusi yangu ambayo mpiga picha alihangaika kumhamisha akagoma. Nilidhani Mama alikuwa mbishi tu.

Na ile mashine haikuwa majivuno ya mstaafu. Siku alipokwenda kumsaidia yule mhandisi kufunga mizigo, mhandisi aligundua, akambonyezea kile kitufe, akamwekea sauti yote kulia. Baba anasema ndipo aliposikia wimbo mzima kwa mara ya kwanza tangu aingie kiwandani. Alinunua hapohapo. Sisi tukamnunia kwa ajili ya bati.

Nikamuuliza, kwa hiyo kwa nini unauza? Sasa nilikuwa nimehamia kulia kwake, nimepiga magoti kama yule mfamasia. Akasema sikio la kulia nalo linafunga. Ngoma bado anazisikia, waimbaji wameondoka.

Mfamasia wa watu aliona haya kuliko mimi. Akaanza kuiviringisha santuri yake, anasema hawezi kuichukua. Nami nikasema hatuuzi tena, iishe. Hapo Baba akakasirika kweli. Alisema yeye ameshakubaliana na mgeni, na hataki mtu amuonee huruma ndani ya nyumba, na mashine kama ile ni dhambi kukaa na mtu asiyeisikia. Basi imeuzwa. Waliishusha ngazi wao wawili, kila mmoja ameshika upande wake, Baba anatangulia kinyumenyume na kutoa amri. Mfamasia ametupa jina la daktari wa masikio, na ameshapiga simu kutuombea nafasi. Tutaenda mwanzoni mwa mwezi. Sijui watasema nini, lakini tutaenda.

Sasa nimefika kwenye lile lililonifanya nichukue karatasi.

Baba alipopanda tena, nilimkalisha, nikakaa kulia kwake, nikamuuliza kuhusu simu. Akaniambia sauti ya simu kwake ni kama nyuki ndani ya chupa. Anatambua nani anaongea, maneno hayapati. Anaona haya kumwambia mtu rudia, rudia tena, hasa wewe unayelipia simu kutoka mbali. Kwa hiyo anasubiri unyamaze, anasema haya, vizuri, ananipa mimi. Nikakumbuka kwamba ndivyo anavyomfanyia kila mtu. Hata shangazi alipompigia kumtakia heri, alijibiwa hivyohivyo, tukacheka.

Akaniuliza yeye mwenyewe, "Kasuku amechoka kuongea na kiziwi, siyo? Ndiyo maana hapigi."

Hakujua, mdogo wangu. Mwaka mzima hakujua. Siku ile alisikia sauti yako tu, akafurahi umepiga. Mimi nilikuwa nasubiri aanze yeye kumtaja mtoto, na kila siku aliyokaa kimya nilimhesabia ubaya. Nilimnunia humu ndani, yeye akadhani nina kazi nyingi. Na ulipoacha kupiga, sikukulaumu wala sikukuuliza, kwa kuwa moyoni nilikuwa upande wako na nilijiona mwema.

Basi ilibidi nimwambie mimi. Nilisema taratibu sikioni mwake, akaniomba nirudie. Neno kama lile halipigiwi kelele, lakini nililipigia kelele, Kasuku, mpaka nina hakika jirani wa chini alisikia. Safari hii hakugonga dari.

Baba alishika magoti yake kwa mikono yote miwili, akawa anatazama rafu. Sikujua nimshike au nimwache. Kisha akaniuliza, "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Sikujua. Usidhani nilisahau. Sikuwahi kukuuliza. Siku ile nilikwambia pole, nikakwambia nyinyi bado vijana mtapata wengine, nikakata kwa sababu mafuta yalikuwa yanaungua jikoni. Nimemwona baba yetu ana moyo wa jiwe, na yeye alihitaji dakika moja tu kuuliza nililoshindwa kuuliza mwaka mzima mimi mwenye masikio mawili.

Nisamehe, na uniombee msamaha kwa wifi. Sitaki unijibu haraka, na ukikasirika una haki. Lakini yeye mwandikie. Macho yake mazima kabisa, magazeti anasoma mpaka matangazo ya minada. Mwandikie kwa mkono, herufi kubwa, umweleze alichouliza. Na mkipata nafasi ya kuja, msingoje sikukuu wala mambo yakae sawa. Njooni wakati hili la kulia bado linafungua kidogo, ukae karibu nalo uongee.

Shemeji yako anakusalimu, na anasema neno la pole alilopaswa kulisema siku nyingi. Wapwa wako wanakusalimu wote, yule mkubwa na pacha. Mpe salamu shangazi mkionana huko, mwambie nitampigia nimweleze kuhusu ile heri yake. Wifi mkumbatie kwa niaba yangu, na kama hataki kukumbatiwa kwa niaba yangu, usimlazimishe. Mungu awafunike nyinyi wawili, na amtunze yule aliyetangulia.

Baba ameniona nikiandika akaomba nimwachie nafasi hapa chini, nami nimemwachia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa haya nyingi.

*

Mwanangu,
Sikusikia. Pole, na mpe pole mama wa mtoto. Niandikie jina la mjukuu wangu.
Baba