Rangi nyekundu ya Babu Kalinga

Matilda, sina mbavu! Babu Kalinga katoboa siri leo mezani.

Mwaka 1976 alikuwa bwana miti Kilolo. Akaipaka rangi nyekundu miti thelathini msituni, awe anaipima unene kila mwaka.

Rangi nyekundu, Matilda! Wapasua mbao wakiona rangi wanajua serikali imeruhusu ukatwe. Wakaiangusha YOTE.

"Si umetuwekea alama mwenyewe, bwana miti?" Yohane mpasua mbao akamwuliza, msumeno begani.

Bosi wake akaja kukagua kutoka Iringa. Babu akajua kazi inaondoka hivi hivi. Bosi akaketi kwenye benchi jipya la kijiji, akafungua daftari.

"Mti namba moja uko wapi?"

"Mzee... umeukalia."

UMEUKALIA!

Bosi akainuka, akalipima benchi, akaandika: "Haujanenepa." Kazi ikapona.