Ukuta wa Duka la Baba

Nyuma ya bandari,
Kismayu.
14 Januari 2024

Mpendwa Kaka Hamidi,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Bristol, wewe, wifi yangu Lubna na watoto. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua lakini ulimi mzima, alhamdulillahi. Je, kile kikohozi chako cha baridi kimekwisha?

Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Barua hii anakuletea binamu yetu Hafswa anayerudi huko, nawe huna budi kuisoma hadi mwisho.

Mtaa umebadilika. Ile nyumba ya Waitaliano iliyokuwa benki sasa wanauza simu. Tanuri la kina Adnani bado linawaka na mkate ni uleule, ila wamepaka mlango rangi ya waridi, sijui nani aliwashauri. Maduka ya mawe yaliyobaki katika safu yetu ni mawili tu: letu, na la Mulki, yule mjane Msomali auzaye magauni ya dira na shungi za kujitandia.

Sasa habari ya duka la Baba. Kama ulivyoagiza, mwezi jana nilimleta fundi Taha alibomoe, tupate kujenga ile ghorofa uliyotuma ramani yake. Siku mbili akaezua paa. Siku ya tatu akagonga lipu ya ukuta wa upande wa Mulki, mara akashuka, akaanza kutia nyundo zake guniani. Alinipandisha ngazi nikaone mwenyewe. Boriti saba za Mulki vichwa vyake vimelala ndani ya ukuta wetu. Tukiuangusha, dari yake yote inakuja chini.

Nilikwenda kwake mbio. Nilimkuta amekwisha kufunga nusu ya dira zake marobota. Nikamuuliza mbona hakusema neno.

"Walaal, ndugu yangu, ukuta ni wenu," akaniambia. "Baba yenu alimpa mume wangu aweke boriti zake, nanyi ni watoto wake. Nilidhani mmekaa mkaamua."

Kaka, niliona haya hata nikakosa pa kutazama. Hatukukaa, wala hatukuamua. Wewe uliagiza, mimi nikaitikia, na Mama aliye humu humu nyumbani hakuna aliyemuuliza.

Nilipomuuliza, alinitazama kama aliyenifuma nikiiba sukari, akanijibu kwa lafudhi yake ileile ya kwetu. "Ukuta ule baba yenu aliutoa mbele yangu, fatiha ikasomwa. Mchu gani asomewe fatiha, kisha apokonywe?"

Basi ubomoaji nimeusimamisha. Taha anaezeka paa letu upya, na Mulki nimemsaidia kufungua marobota yote. Ghorofa haitakuwapo maadamu yeye yumo dukani mwake. Najua utakasirika. Kasirika, hata mimi nilishaichagulia mapazia. Ukiwa bado unaitaka, panda ndege uje, ukae kwenye kigoda chake, umwambie kwa ulimi wako atoke. Mimi siwezi.

Nisalimie sana Lubna na watoto. Mama anakuombea umri na riziki, na Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini.

Mulki naye anakusalimu, tena kila siku anauliza lini utakuja. Nilimwambia haraka ile ya kubomoa ilikuwa yangu peke yangu. Jina lako sikulitaja.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,
Mwanatumu