Mstari wa Kumi na Moja

Ofisi ya Waandishi,
Mtaa wa Wapisa, Akka.
13 Novemba, 1269.

Mpendwa binamu Oddone,

Pokea salamu zangu kutoka ng'ambo hii ya bahari. U hali gani huko Viterbo? Na shemeji Gemma je, mguu umepona? Sisi huku tunapumua. Binti yangu Alis meno mawili ya mbele yameng'oka, na anakula dengu kuliko mtu mzima. Mimi nakula na kulala. Zaidi ya hapo sijui nikwambie nini kuhusu afya yangu.

Barua yetu kwa Baba Mtakatifu imerudi. Niliiandika Januari, yenye majina ya mateka kumi na tisa waliochukuliwa Jaffa, tukimsihi Papa amwandikie Sultani wa Kairo ili wabadilishwe na watu wake walio kwetu. Mke wangu Helvis alikuwa mstari wa kumi na moja. Kumbe Papa alikuwa ameshafariki tangu Novemba, na habari ilitufikia meli imeshaondoka. Nami nilikuwa nimeliandika jina la marehemu pale juu kwa herufi kubwa, maridadi kweli.

Imerudi na lakiri yake nzima. Mgongoni pameandikwa: "Aliyeandikiwa hayupo." Mwandiko ni wako, Oddone. Hiyo mikia ya herufi zako tulichapwa wote wawili kwa ajili yake tulipokuwa wadogo. Sikulaumu. Barua ya Papa aliyekufa haifunguliwi, ndiyo desturi yenu waandishi wa Papa, na hata mimi ningeirudisha. Nilitaka tu ujue kwamba nimeutambua.

Wiki iliyopita Toros, yule Mwarmenia muuza vitambaa, alirudi kutoka Kairo akaja moja kwa moja ofisini.

"Mwandishi, kaa kwanza."

"Nimekaa tangu asubuhi, Toros. Sema."

"Yule mama wa Jaffa, mwenye kovu kidevuni. Homa ilimchukua mwezi wa nane. Wenzake wamemzika kwa sala, nimeliona kaburi."

Nikamshukuru, kisha nikamaliza ukurasa uliokuwa mbele yangu. Haukuwa na kosa hata moja. Mpaka leo sijalia, binamu, na hilo linanitisha. Mwezi wa nane barua yangu ilikuwa bado rafuni kwenu.

Alis nimemwambia. Akauliza, "Kwa hiyo baba, barua ya mama huandiki tena?" Nikamwambia nitaandika.

Na kweli Padri Aimeri, mkuu wetu, anataka ipelekwe upya. Tunasikia makardinali wamekaa mwaka mzima hawajakubaliana. "Wewe acha pengo la jina la Papa," akasema. "Binamu yako si yuko huko huko? Atajaza." Kisha akapunguza sauti: "Na Helvis mtoe, mwanangu. Andika kumi na nane. Hatuwezi kuomba maiti aachiliwe."

Nakuletea barua hiyo ikiwa wazi, pamoja na nta na muhuri wetu mdogo. Siku Papa atakapochaguliwa, jaza jina lake kwa mkono wako (mikia uizuie, tafadhali), funga, uipeleke siku hiyo hiyo. Wapo watu kumi na nane wanaoingoja wakiwa hai, usije ukachelewa.

Nisalimie shemeji Gemma na mjomba Bindo. Mwambie mjomba zeituni zake zilifika, Alis amezimaliza peke yake. Mungu awatunze nyote, na makardinali awape neno moja.

Jambo la mwisho. Padri Aimeri hasomi nakala zangu, ananiamini. Miaka ishirini na miwili sijatoa nakala yenye kosa. Hii inalo moja. Ukihesabu majina utakuta kumi na tisa. Usirekebishe.

Ni mimi, ndugu yako akupendaye daima,
Joslin