Yosefu Niliyemvusha Bahari

Kaloleni,
Nairobi.
15 Septemba 1996

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na wote wanaoamka hapo Wamunyu. Kifua kinaendeleaje? Kondakta wa basi aliniambia kikohozi kimepungua tangu Mama aanze kukuchemshia yale majani machungu, nikamshukuru Mungu. Sisi huku tuko wazima. Annah anakusalimu sana, watoto wamefungua shule, na mimi mwili ni mzima, ila uchovu umeniingia mifupani na umekataa kutoka. Nalala, naamka nimechoka. Naenda kazini kortini Makadara, nashika kalamu, nachoka kabla sijaandika jina la mshtakiwa wa kwanza.

Koki dada yangu, wewe unayemsomea Baba barua hii, nakuomba jambo moja. Soma polepole, wala usiruke neno, hata lile utakaloona lafaa kurukwa. Nakujua kwa kupunguza makali ya barua za watu. Hii usiipunguze.

Baba, leo ni siku ya kumi na mbili tangu nirudi na sijaandika. Umenitumia ujumbe mara mbili, na mara zote mbili swali lilikuwa moja: je, jina lako limesimama kule kisiwani? Sikujibu, na sina kisingizio. Nitajibu humu humu, lakini niache nianze mwanzo, maana nikianza na mwisho sitaweza kuandika yaliyobaki.

Najua uzito wa swali hilo. Miaka arobaini umechonga twiga, vifaru na Wamasai wenye mikuki, wakapakiwa na kwenda dunia nzima bila jina lako, kwa sababu chini ya kila mnyama wenye maduka walitaka nafasi ya kubandika karatasi yao. Kisha Fada Wistin, aliyetubatiza sote tulipokuwa bado tunaishi pamoja hapa Eastlands, akastaafu na kurudi kwao Gozo, kisiwa kidogo cha Malta, akakuandikia kwamba anataka sanamu ya Yosefu kwa kanisa lao. Yosefu aliyeshika tezo ya Kikamba, si msumeno wa Kizungu, na chini yake liandikwe jina la aliyemchonga, Wathome. Ukamchonga kwa mpingo, macho yakiwa yamebaki na ukungu tu, sehemu kubwa kwa vidole. Ukasema huyo ndiye wa mwisho, na asitumwe kwa posta, abebwe na mtoto wako mikononi. Ndivyo mimi, karani ambaye sikuwahi kumaliza kuchonga hata kijiko, nilivyopata safari ya Ulaya kwa tiketi waliyoituma waumini wa Gozo.

Ndege sitaieleza sana. Unakaa, unalishwa, unashuka. Kutoka Roma nilipanda garimoshi hadi Catania, chini kabisa mwa Italia, na njiani nikaona jambo ambalo mwanzo nilidhani ni homa: garimoshi lenyewe liliingia ndani ya meli, behewa kwa behewa, likavushwa nasi tukiwa tumeketi ndani. Mizigo yote niliiacha iende ilikokwenda, lakini Yosefu alikuwa mapajani mwangu, amefungwa kwa lile blanketi la Mama. Miguu ilikufa ganzi. Nilipofika Catania nilikuwa natembea kama mtu aliyetoka kuvuna mtama wa shamba zima peke yake.

Kutoka hapo safari ni ya majini. Mimi nilikuwa nangoja feri kama ile ya Likoni tuliyopanda na kwaya, ya kusimama na mikokoteni na mbuzi, dakika kumi mtu akafika. Kumbe ni kitu kingine kabisa. Wanakiita katamarani. Kina matumbo mawili marefu yaliyounganishwa kwa sakafu juu, na katikati maji yanapita. Ndani kuna viti kwa safu kama vya ukumbi wa sinema, na madirisha yasiyofunguka. Mfanyakazi mmoja alitaka nimweke Yosefu kwenye chumba cha mizigo. Nilikataa. Akauliza nimebeba nini kinachonifanya nikatae hivyo, nikamwambia ni Mtakatifu Yosefu. Akapiga ishara ya msalaba, akanipisha.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa njema. Kisha upepo ukaja. Baba, chombo kile hakipandi wimbi na kushuka taratibu kama chombo cha adabu, kinalipiga kofi, na kila kofi unalisikia kwenye meno. Watu wazima waliovaa suti waligawiwa mifuko ya karatasi, wakatapika kama watoto. Nami nilitapika mpaka kikaja kile kimanjano kichungu. Kando yangu aliketi mama mmoja mzee mwenye nguo nyeusi na rozari. Kiingereza hakukijua sana. Alipoambiwa ndani ya blanketi yupo nani, aliweka mkono juu ya kichwa cha Yosefu akaanza kuyahesabu mawimbi kwa lugha yao, na alipofika sitta, kama sita yetu, nikashtuka, maana ni kama alikuwa wa kwetu. Akaonyesha kidole dirishani akasema bahar. Nikamwambia hata sisi twasema bahari. Alifurahi, akanishika mkono, akaendelea kutapika.

Kwa muda wa saa tatu nilimkumbatia Yosefu. Mwishoni joto lilinishinda, nikatoka naye nyuma penye uwazi nipate hewa. Maji ya chumvi yaliruka yakatulowesha wote wawili, blanketi likajaa. Niliporudi kitini yule mama alitazama viganja vyangu, kisha akanipa leso yake. Viganja vilikuwa vyeusi. Shati langu jeupe, lile la harusi ya Munyao, lilikuwa jeusi kifuani. Nilimwambia ni vumbi la garimoshi.

Baba, najua hapo umeketi wima. Mpingo hautoi rangi. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo nikiwa wa kimo cha meza. Endelea kusoma, Koki, nitalifikia.

Malta sikukaa. Nililala kwa masista, kesho yake nikapanda feri ndogo ya kawaida, hiyo angalau ilikuwa na magari ndani na ilikwenda kwa heshima, nusu saa tu hadi Gozo. Ningependa ungekiona kisiwa kile. Ni kama Machakos iliyozungukwa na maji. Vilima vya matuta yaliyoshikwa kwa mawe, mpungate kando ya njia, udongo mkavu, na wakulima wanaotazama juu wakilalamikia mvua. Nilijisikia nyumbani, na kujisikia nyumbani kulinichosha zaidi, kwa sababu ya nilichokuwa nimebeba.

Fada Wistin alinilaki gatini na mkongojo wake. Amezeeka sana, ana miaka themanini na mmoja, lakini Kiswahili chake ni kile kile cha Jogoo Road. Mbele ya vikongwe wa parokia yake alinipazia sauti, niaje Ngui, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nitoke Nairobi. Aliniuliza kama nyama ya soko la Burma bado inachomwa vizuri, kama Mama bado anaimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko ya kwanza, na macho yako yako vipi. Kisha akanionyesha kanisani mahali alipomtengea Yosefu. Ni kijukwaa cha jiwe ukutani, upande wa kushoto ukiingia, kimeoshwa, na taa imewekwa. Aliniambia ameweka taa chini kwa makusudi, ili mtu akiinama asome jina.

Alinikalisha nyumbani kwake, akafungua blanketi mwenyewe. Alipitisha kiganja juu ya kichwa cha Yosefu, polepole, kama anavyombariki mtoto. Akakitazama kiganja. Akakinusa. Miaka kumi na tisa aliyokaa na wachongaji wa Gikomba haikupotea bure. Aliniambia kwa upole kwamba hii ni rangi ya viatu, kisha akaniuliza Yosefu wa Wathome yuko wapi.

Baba, niliyemvusha bahari hakuwa wako.

Tiketi ilikuja ya mwezi wa nane, nawe ulikuwa umesema mti haujakauka, akae kivulini ndani ya gunia, miezi mitatu au minne. Mtu mmoja kazini aliniambia kwamba Ulaya mti mbichi hukamatwa na kuchomwa moto kwa kuogopa wadudu. Sikumwuliza mchongaji yeyote. Karani akiambiwa neno na karani mwenzake huliamini kama limepigwa muhuri. Nikamtoa Yosefu kwenye gunia, nikamweka kando ya jiko la makaa ili akauke upesi. Siku ya tatu, Annah akipika maharagwe, tulisikia mlio kama wa mfupa. Alikuwa amepasuka kuanzia kwenye paji la uso, ufa ukapita shavuni, ukateremka hadi kwenye mkono ulioshika tezo.

Ningepanda basi la Wamunyu siku ile ile. Niliogopa. Nilikufikiria umekaa hapo na mikono yako ambayo haina tena kazi ya kufanya, nikaona siwezi kukuletea habari hiyo. Nikaenda Gikomba kwa Mativo, uliyemfundisha wewe mwenyewe, nikamwomba anichongee mwingine kama huyo. Alimtazama Yosefu kwa muda mrefu. Alinisihi nikuambie, akasema mzee ataumia siku moja, ya pili atatafuta dawa ya ufa. Nikamwambia hakuna wakati. Kwa shingo upande alinichongea wa jakaranda kwa siku nne, akampaka rangi, lakini kuandika jina lako alikataa katakata. Jina niliandika mimi. Usimlaumu Mativo. Kazini kila siku nawashikisha watu Biblia waape kusema kweli, kisha nikarudi nyumbani nikaandika WATHOME chini ya mti ambao hukuugusa.

Nilipomweleza Fada hayo yote, hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinimiminia chai, halafu akaniambia kwamba hakuwa amekuomba mti mweusi, alikuwa amekuomba mkono wako, na kwamba hawezi kuweka kanisani kitu kinachodanganya kwa jina lako. Akanipa kisu chake cha matunda akaniambia nitoe nilichoandika. Niliketi kwenye ngazi ya mlango wake nikalikwangua, herufi moja moja. Nilianzia mwisho, kwa sababu kuanzia mwanzo sikuweza. Chini ya ule weusi mti ulikuwa mweupe pepepe. Nililia pale ngazini, mtu mzima mwenye watoto watatu, na majirani wa Fada wakapita wakinisalimia.

Kwa hiyo jibu ni hapana, Baba. Jina lako halijasimama Gozo. Yule wa jakaranda amewekwa chumba cha kwaya, bila jina la mtu. Kile kijukwaa kiko tupu, na Fada amesema kitabaki tupu. Anamtaka Yosefu wako na ufa wake, akasema hata Yosefu mwenyewe alikuwa fundi na alipasua mbao nyingi. Lakini alisema pia kwamba hawezi kuniahidi kuwa atakuwa gatini tena.

Niliporudi kwa katamarani bahari ilikuwa shwari, watu walikula, walicheza karata. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Sikuwa na cha kushika, na ni hapo ndipo uchovu huu niliokueleza ulipoanza.

Sasa nimechoka pia kuogopa. Yosefu wako yuko hapa Kaloleni, ndani ya gunia, kivulini, kama ulivyoagiza tangu mwanzo. Jumamosi nitamleta Wamunyu mwenyewe. Mativo anasema ufa huweza kuzibwa kwa nta na unga wa mpingo, lakini mimi nimemwambia asiguse, wala sitagusa. Nitamweka mikononi mwako, upitishe kidole kuanzia pajini hadi kwenye tezo, useme kama ni wa kuzibwa au wa kuachwa. Ukisema asubiri mwaka, atasubiri mwaka. Ukisema aende, nitambeba tena, hata kama nitatapika njia nzima. Na ukisema nisiingie bomani, nitamwacha mlangoni kwa Koki na kurudi na basi la mchana.

Msalimie Mama. Mwambie asinichinjie kuku safari hii, kwanza tuone. Annah na watoto wanakusalimu, na mama mmoja mzee wa kisiwani, ambaye jina lake sikuuliza, alisema nikusalimu wewe uliyemchonga Yosefu. Salamu hizo nilizipokea nikijua si zangu. Nakuletea.

Koki, ukifika hapa usiikunje barua haraka. Kaa naye kidogo.

Nilitaka kutia sahihi kwa jina langu lote, kama ninavyofanya kazini kila siku. Nimeandika la kwanza, kalamu ikasita. Hilo la pili ni lako, Baba, na nimelitumia vibaya. Nitaliacha hadi uniruhusu.

Ni mimi mwanao,

Ngui