Baba mkwe mstari wa mbele

Buterere, Jumanne

Wanawake wote mkutanoni wamejibu "ni muzuri tu"! Na mimi, mkalimani wao, nimeupeleka uongo huo kwa Kifaransa safi kabisa.

Wageni wa mradi walitaka tuwaambie wenyewe kituo cha afya kibadilishwe namna gani. Sawa. Lakini kuuliza habari za chumba cha kuzalia, wanaume wamejaa mstari wa mbele? Nani atataja kuzaa mbele ya baba mkwe wake? Wifi yangu Divine, na mimba yake kubwa, alitazama miguu yake tu.

Kufika jikoni kwetu, ndipo mdomo wake ukafunguka. "Ile chumba haina hata rido, hata kitambaa cha kufunika mulango! Wagonjwa wa malaria wanatuchungulia. Mi siendi kule, ntazalia hapa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mbele ya baba yako? We mutoto una wazimu?"

Azalie hapa, na mvua hizi zinazofunga barabara! Naogopa, kweli.

Wageni wanarudi kesho. Lazima waketi na wanawake peke yao. Sentensi ya Kifaransa ninayo tayari. Inayonishinda ni ya Kiswahili: "Baba, tafadhali, toka nje kidogo." Mimi, ambaye hata chumvi namwomba kupitia kwa mama.