Lango Linalofunguka Ijumaa

Mkomani, Lamu

Mdogo wangu Ruba,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima huko Mombasa na masomo yanakwenda. Sisi hatujambo, ila mimi nimekuwa mtu wa kushuku hata kivuli changu.

Kazi yangu unaijua. Kampuni ya kusambaza dawa ilikuwa na mfumo mmoja mkubwa wa kompyuta, nami nimeukata vipande vidogo, kila kimoja na shughuli yake: hiki kipokee oda, kile kiangalie stoo. Badiliko lolote la programu kutoka Nairobi hupita majaribio, kisha hungoja kwenye hatua ya idhini tunayoiita lango, mpaka mimi nikubali. Bila mimi halitoki. Ndivyo nilivyojigamba.

Basi mabadiliko yakaanza kutoka bila mimi. Kila Ijumaa nikirudi msikitini nakuta badiliko limeshaingia kazini, na moja likavuruga stoo, hospitali zikapelekewa dawa zisizo zao. Yote yalikuwa ya Nerea, mwenzetu wa Nairobi. Nikasema huyu anajua saa ninayovua viatu. Hata aliponitakia Ijumaa njema niliona mtego. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamshtaki kwa mkubwa wetu, Kariuki, naye akamsimamisha. Ilibaki kumfukuza tu.

Nikitafuta ushahidi wa kummaliza, nikaupitia mpangilio wa lango, kazi ya mikono yangu. Nilikuwa nimeamuru kwamba mwenye kuulizwa akikaa kimya saa nzima, ahesabiwe ameridhia. Nilipouweka sikuona ajabu. Kwetu mwali akinyamaza si ndilo jibu? Nerea hakuvunja chochote. Aliomba idhini, nami nilikuwa nasikiliza hutuba.

Nilimwambia Kariuki kosa ni langu, na Nerea amerudishwa kazini. Nimeona haya sana. Nilipomtaka radhi hakunitukana. Alisema tu, "Si ungeniuliza, Adnan?"

Tangu hapo sina raha, Ruba. Baba alipokuuliza habari ya posa ya Jeilani ulinyamaza, ukatazama mkeka. Mimi ndiye niliyesema umekubali, na fatiha ya uchumba ikasomwa. Sasa watu wanaalikwa harusi ya baada ya Idi, na hakuna aliyekuuliza tena.

Nakuuliza mimi. Unamtaka? Ukisema ndiyo, nitafurahi. Ukinyamaza, safari hii nitajua humtaki, na mimi mwenyewe nitakwenda kwa Baba kumwambia.

Mama anakusalimu sana, na Baba pia. Hawajui nimekuandikia nini. Mungu akuhifadhi.

Ni mimi kakako,
Adnan